Filamu Iliyotolewa Mahari

"Mjomba, hiyo filamu yako ni nzuri?"

Aliyeuliza alikuwa Sahla, mpwa wake Mansur, mtoto wa darasa la pili wakati huo, na ndiye huyu huyu anayeandika habari hizi. Aliyeulizwa alikuwa amejikunja nyuma ya friji ya muuza samaki, bisibisi mdomoni, miguu tu ikionekana. Swali lilimfikia, hilo halina shaka, maana miguu iliacha kutikisika. Mansur alichomoa bisibisi mdomoni, akaitazama pande zote mbili, akairudisha palepale, akaendelea na kazi.

Mambrui nzima yamjua Mansur kwa mambo mawili. La kwanza ni friji. Hewa ya chumvi hula chuma kama mchwa alavyo mti, na hakuna friji ya Mambrui iliyozeeka bila kupita mikononi mwake mara nne au tano. La pili ni filamu. Ukisema "Mansur wa sinema", hata mtoto anayejifunza kusema atakuonyesha nyumba. Lakini ukimuuliza huyo mtoto, au babake, au babu yake, filamu yenyewe ikoje, atakutazama tu. Watu zaidi ya hamsini wa mji huu wamecheza ndani yake. Kwa miaka na miaka hakuna hata mmoja aliyeiona.

Ilianza hivi. Mwitaliano mmoja wa Malindi alikuwa anauza vyombo vyake arudi kwao, na Mansur akaenda kununua friji iliyokufa ili aichomoe mashine. Alirudi Mambrui bila friji, kamera ikining'inia shingoni. Dadake, yaani mamake Sahla, alimuuliza kama amepata wazimu au amerogwa.

"Nimepata kamera," akajibu Mansur, kana kwamba hilo nalo ni jina la maradhi.

Kamera ile ilisema Kiitaliano. Betri ikikaribia kwisha iliandika maneno ya lugha hiyo kwenye kioo chake, na Mansur hakuona haja ya kuibadilisha lugha. Kiitaliano cha Malindi alikiokota tangu utotoni kwa kuwabebea wageni mizigo. Kwa hiyo pale waongozaji wengine wa filamu wanaposema "kata!", yeye alipiga ukelele: "Basta!" Wachezaji wake wote wakaizoea, hata mabibi wasiovuka daraja la Sabaki ila kwa mazishi na harusi. Na sheria ikawa moja tu: mpaka Mansur aseme basta, hakuna kukohoa, hakuna kucheka, na hakuna kuacha kusema unachokisema, hata nyumba ikiungua.

Kisa alikitunga mwenyewe, akakiandika nyuma ya maboksi ya feni. Kiliitwa *Posa ya Tatu*. Kijana amempenda msichana aitwaye Zaina. Apeleka posa, akataliwa. Apeleka ya pili, akataliwa tena kwa maneno makali. Ya tatu, baada ya mateso mengi, inakubaliwa, na kisa kinamalizikia kwenye nikahi. Mansur hakutafuta fedha wala jina. Alimwambia rafiki yake Kambi, mgema wa kutoka Adu aliyepewa kazi ya kushika kamera kwa kuwa mikono yake haitetemeki hata akiwa juu ya mnazi:

"Siku moja, Kambi, chumba kitajaa watu, filamu itaonyeshwa, nami nitakaa nyuma kabisa nisikie wanavyolia. Basi. Hiyo tu ndiyo haja yangu."

"Mimi nishaanza kulia," Kambi akasema. "Hiki kidude chako kizito."

Wa kucheza Zaina alikuwa mmoja tu machoni mwa Mansur: Afiya, mwalimu wa chekechea, binti ya Mzee Abdalla. Afiya ana uso ambao hata akinyamaza umeshasema. Mansur akavaa kanzu, akaenda kuomba ruhusa kwa babake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Friji yangu nzima, sijakuita."

"Sikuja kwa friji, mzee. Nimekuja kumuomba Afiya acheze kwenye filamu yangu."

Mzee Abdalla aliweka kikombe chini. "Binti yangu hatokei kwenye picha ambayo mimi simo."

"Basi, mzee, wewe utakuwa babake Zaina."

"Kwani hapa nilipo ni nani?"

Hivyo ndivyo Mzee Abdalla alivyoingia kwenye filamu, na akiingia mahali Mzee Abdalla hatoki. Mansur alidhani atatokea mara tatu, posa ikija. Mzee alilifahamu jambo hilo vingine. Kila alipokuwapo Afiya, naye alikuwapo, bakora mkononi, kofia imenyooka. Siku waliyopiga picha ya Zaina akisoma barua ya mpenziwe kwa siri kando ya kisima, Kambi alinyanyua jicho kutoka kwenye kamera.

"Mansur, mbona naona watu wawili?"

Kweli. Nyuma ya Afiya, hatua nne hivi, Mzee Abdalla alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Mzee," Mansur akasema kwa adabu zote, "hapa Zaina yuko peke yake."

"Ndiyo. Peke yake na babake."

"Lakini barua ni ya siri, mzee. Babake hajui."

"Basi nitatazama upande ule."

Na akatazama upande ule. Wakapiga picha hivyo hivyo, barua ya siri mbele na mzee akihesabu minazi nyuma. Picha kama hizo zilifika ishirini na tatu. Mansur kila jioni alikuwa akizirudia kwenye kioo cha kamera na kushika kichwa. Kisha asubuhi huongeza picha nyingine mpya, labda itaifunika ile ya jana. Miaka miwili ilipita hivyo. Filamu ilikua kama mbuyu unaonenepa tu bila kurefuka.

Mwisho ikabaki picha moja, ya nikahi. Hapo ndipo Amjad, kijana mzuri aliyecheza mchumba, alipopata kazi ya udereva Doha na kuondoka ndani ya siku nne, bila hata kuaga kisima. Mansur alikaa kwenye baraza la karakana yake kama aliyefiwa.

"Tumpige mgongo," Kambi akasema.

"Tumpige nani?"

"Bwana harusi. Wewe na Amjad mgongo mmoja. Vaa kanzu yake, nipe kisogo, wacha watu waone uso wa mzee. Kwani nikahi yataka uso wa bwana harusi?"

Shauri lilikuwa zuri. Mansur, ambaye hataki kitu cha kubunibuni, akaenda kumuomba Maalim Shee, aliyemfundisha chuoni akiwa mdogo, aje akae kwenye mkeka ili nikahi ifanane na nikahi. Maalim alikubali kwa masharti.

"Nitakaa tu. Siozi mtu. Na majina yawe yale ya uongo, umesikia? Ndoa haina mzaha, Mansur. Mchezo wake ni kweli yake."

"Naam, Maalim. Ni Zaina tu. Hakuna Zaina hapa."

Siku yenyewe walikusanyika sebuleni kwa Mzee Abdalla baada ya swala ya Alasiri. Wanaume kumi na wawili kwenye mikeka, ubani, sinia ya kahawa, wazee wawili wa msikitini wakiwa mashahidi. Wanawake walikuwa chumba cha ndani nyuma ya pazia, wakimpaka Afiya hina kwa ajili ya picha itakayofuata. Kambi akaweka kamera juu ya viguu vyake. Mansur akakaa chini, kisogo kwenye kamera, akanyoosha mkono wa kulia. Mzee Abdalla akaushika.

Sasa, Mzee Abdalla ni mtu aliyekwisha kuoza mabinti watatu. Ulimi wake waijua njia ile kama punda ajuavyo njia ya nyumbani. Akamtazama Mansur usoni, akasafisha koo, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani:

"Mansur bin Athman, nakuoza binti yangu Afiya, kwa mahari tuliyoafikiana."

Kambi, nyuma ya kamera, alisikia kitu hakikukaa sawa, lakini basta haikusemwa. Mashahidi walisikia, lakini basta haikusemwa. Mwenye haki ya kusema basta alikuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa bwana harusi, na bwana harusi aliiheshimu sheria yake mwenyewe kuliko wote. Picha haikatizwi. Mansur akafungua mdomo, akasema neno alilokuwa ameliandika nyuma ya boksi la feni:

"Nimekubali kumuoa."

Maalim Shee akavua miwani.

"Basta," akasema Maalim Shee.

Watu wakacheka, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Maalim akisema Kiitaliano. Yeye hakucheka. Aliweka viganja juu ya magoti.

"Walii yupo na ametamka. Mume yupo na amekubali. Mashahidi wawili hawa hapa, na wote wana masikio. Majina ni ya kweli. Mimi nilisema nini kuhusu mzaha?"

"Lakini Maalim, ni sinema!" Mansur alikuwa amegeuka rangi.

"Sinema ni yako. Nikahi si yako."

Mzee mmoja wa mashahidi aliuliza kama kahawa ile sasa ni ya sinema au ya harusi, maana kama ni ya harusi, halua iko wapi. Akanyamazishwa.

"Limebaki moja," Maalim akaendelea. "Binti ni mtu mzima, ana akili zake. Aulizwe. Akisema hataki, hapana ndoa, kila mtu aende kwake. Tena mahari mliyoafikiana ni yapi? Mlikaa lini?"

Hawakukaa. Hakukuwa na mahari.

"Basi ataje mwenyewe."

Mzee Abdalla na Maalim wakainuka kwenda penye pazia, na wanaume wote wakawafuata mpaka kwenye ujia, kila mmoja akitaka sikio lake liwe karibu. Hata Kambi alikwenda. Sebuleni akabaki Mansur kwenye mkeka, peke yake.

Ndani, Afiya alikuwa amekaa mikono juu, hina mbichi mpaka kwenye vifundo, hawezi kushika hata ukaya wake wa kichwani. Alielezwa. Hakusema kitu. Bibi mmoja akaanza kupiga kigelegele, akasema kimya cha mwanamwali ni idhini.

"Cha mwanamwali mwingine," babake akasema. "Kimya cha Afiya ni hesabu. Ngojeni."

Wakangoja. Alihesabu nini? Mwenyewe alimwambia Sahla baadaye. Alihesabu miaka miwili ya kutazamwa na mtu kupitia tundu la kamera. Alihesabu mara ngapi mtu huyo alimwambia "geuka kidogo, Afiya, jua likupige," kwa sauti ambayo hakuisikia akiitumia kwa mwingine yeyote, hata kwa friji. Na akahesabu kwamba kama mtu huyo alikuwa na posa moyoni, alikuwa ameitoa mara tatu tayari, zote kwa mdomo wa Amjad.

"Mwambieni nimeridhia," akasema. "Na mahari yangu ni filamu. Yote. Asibakishe hata kipande."

Ujia mzima ulisema "Ala!" kwa pamoja.

Mansur alipoletewa habari, alitazama kamera, akatazama pazia, akatazama kamera tena. Kambi asema hajawahi kuona mtu akigawika namna ile. Miaka miwili ya kazi, watu hamsini, na haja yake ile moja. Akasimama, akatoa kadi kwenye kamera, akachukua na zile nyingine tano mfukoni mwa koti lake, akazifunga kwenye leso ya mkononi na kumpa mkwewe.

"Mpe," akasema. "Kwa moyo safi."

Ndoa ikaandikwa kama ndoa zote, halua ikapikwa, na Mansur na Afiya wakahamia chumba cha nyuma ya karakana. Mji ulicheka mwaka mzima. "Mansur kajioza!" watoto walimwimbia. Muuza samaki alimuuliza kama ana mpango wa kupiga filamu ya hija, apate na kuhiji bure. Lakini baada ya kicheko lilifuata lile swali, na hilo halikwisha. Filamu iko wapi? Mimi nilicheza jirani mwenye wivu, lini nitajiona? Mamangu alipita na ndoo, mamangu sasa ni marehemu, lini tutamwona? Mansur alijibu wote namna moja: "Si yangu. Ni ya mke wangu."

"Basi muombe mkeo!"

"Mahari hayaombwi."

Hakuomba. Ile kamera aliipangusa vumbi kila Ijumaa, hakuigusa siku nyingine. Alijua kadi zimo ndani ya kopo la mchele, ndani kabisa, mahali pakavu pasipofikiwa na hewa ya chumvi, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Afiya hila hiyo. Mara nyingine, mchele ukipimwa, Sahla alimwona anavyotazama mkono wa Afiya ukiingia koponi. Halafu hutoka nje kwenda kutazama friji ambayo haikuwa na shida.

Sahla alikua. Alifika kidato cha tatu. Watoto wawili wa Mansur walianza chekechea. Mzee Abdalla alipata bakora ya pili. Ndipo akaja Mumbua, mwanamke wa Nairobi anayezunguka na kitambaa kikubwa cheupe akionyesha filamu za Wapwani vijijini mwao, kutoka Mariakani mpaka huku. Alikuwa amesikia. Nani hakusikia?

"Filamu iliyotolewa mahari!" Mumbua alisema, amesimama mlangoni mwa karakana, macho yanang'aa. "Bwana Mansur, hiyo lazima watu waione. Nipatie wiki sita tu."

"Si yangu, bibi."

"Nimeambiwa. Basi twende pamoja tumuombe mama."

"Mahari hayaombwi, bibi. Akitoa mwenyewe, hewala. Nikiomba, hata akinipa nitakuwa nimemnyang'anya." Kisha akamwagizia soda baridi, akarudi nyuma ya friji yake. Sahla, aliyekuwa amekuja kuchaji simu, aliona miguu ya mjomba wake imetulia tuli kwa muda mrefu.

Hakutumwa na mtu. Alitoka pale akaenda moja kwa moja jikoni kwa Afiya, aliyekuwa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Da Afiya, amekuja mwanamke wa sinema. Ataka filamu."

Mbuzi ikanyamaza. "Na mjombako amesema nini?"

"Amesema mahari hayaombwi."

"Kakutuma uje uniambie?"

"Hakunituma. Wallahi. Hata hajui niko hapa."

Afiya alikung'uta mikono. Alianza kutabasamu, kisha akacheka, kisha akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Sahla, mwanangu, mimi nimechoka. Mwaka wa kwanza nilingoja aniombe ili nimkatalie. Mwaka wa pili nilingoja aniombe ili nimpe. Haombi! Sasa mwaka wa nane, naona nampenda kwa sababu haombi. Nitafanyaje na mwanamume kama huyu?"

"Mpe tu."

"Nimpe vipi, haijakwisha." Akapunguza sauti. "Haijakwisha mpaka Jumamosi ijayo."

Kumbe! Zile safari za kila Jumamosi, za kwenda Malindi kununua nguo za watoto, ambazo watoto hawakuonekana kuzivaa, zilikuwa za kwenda kwa Idah, dada wa kutoka Bungoma mwenye saiba yake karibu na soko. Miaka mitatu Afiya na Idah walikuwa wamekaa mbele ya kompyuta wakikata na kuunga. Mansur alikuwa na saa thelathini na moja za picha na hakujua kuacha hata moja. Afiya alijua. Amefundisha watoto wadogo miaka kumi. Ajua ni wakati gani watu wanachoka.

Siku ya pili ya Idi, baada ya Alasiri, watu walijaa chuoni kwa Maalim Shee. Madirisha yalizibwa kwa leso na mikeka mpaka ndani pakawa giza, na jua la nje likapenya kwenye maua ya leso, jekundu na manjano. Mumbua alitundika kitambaa chake. Mzee Abdalla alikaa mbele kabisa. Amjad alikuwapo kwa simu kutoka Doha; Kambi alimshika juu kwa mkono wake usiotetemeka, na watu walipoona kichwa chake kilichoota upara wakakataa katakata kwamba huyo ndiye mchumba wa zamani.

Mansur hakuambiwa kitu isipokuwa, "Vaa kanzu, twende chuoni." Alipoona kitambaa alisimama mlangoni. Afiya akamsukuma mgongoni.

"Nenda ukae nyuma. Si ndiko unakotaka kukaa?"

Akakaa nyuma. Filamu ikaanza. Jua la asubuhi, kisima, na Zaina anakuja, mzuri ajabu, na barua yake ya siri. Chumba kikatulia. Mansur alikaza magoti yake kwa mikono. Zaina akafungua barua. Na nyuma yake, polepole, Mzee Abdalla wa miaka tisa iliyopita akaweka kiti cha plastiki, akaketi, akatazama upande ule.

Kicheko kilichotoka pale kilifanya leso zitikisike madirishani. Ikaja picha ya pili: Zaina kitandani anaugua mapenzi, na kwenye kona, kofia imenyooka, babake. Ya tatu: Zaina anamkimbilia mchumba wake, na nyuma yao bakora inakimbia pia. Picha zote ambazo Mansur alikuwa akizifunika kwa picha nyingine, Afiya alikuwa amezichagua moja moja. Watu walishikana mabega. Bibi mmoja alitoka kwenye benchi akakaa sakafuni, akisema hawezi, hawezi, mumtoe. Yule aliyefiwa na mamake alimwona mamake akipita na ndoo, akapiga ukelele, na watu wakaomba irudishwe, ikarudishwa, akapita tena, na tena, akiwa hai na haraka zake.

Sahla hakuwa anatazama kitambaa. Alikuwa anamtazama mjomba wake. Mwanzo uso wa Mansur ulikuwa kama wa mtu aliyekosewa adabu mbele ya wakwe. Alitaka walie kwa huruma, na hawa wanakufa kwa kucheka. Kwenye picha ya nne akaziba uso. Kwenye ya tano, vidole vikafunguka kidogo. Kwenye ya sita, Mzee Abdalla aliposinzia kwenye kiti katikati ya posa ya pili na kofia kuanguka kisimani, mabega ya Mansur yakaanza kutikisika, na kilichomtoka kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote, mpaka watu wakageuka kutazama nyuma. Walikuwa wanapangusa macho. Chumba kizima kilikuwa kinapenga kamasi.

Ikafika nikahi. Hapo pakawa kimya tena, kwa kuwa kila mtu alijua hii si sinema. Sauti ya Mzee Abdalla ikajaa chuoni. "Nimekubali kumuoa," kisogo kikasema. "Basta," akasema Maalim Shee kitambaani, na Maalim Shee mwenyewe, aliyeketi chini ya madirisha, akatingisha kichwa kuthibitisha. Picha ikaruka kwenye mikono miwili yenye hina, na ikaisha.

"Mzee Abdalla!" mtu akapaza sauti gizani. "Siku ile ulikosea kweli jina, au?"

"Mimi nimeoza mabinti wanne," Mzee Abdalla akajibu bila kugeuka. "Sijakosea hata mmoja."

Vigelegele, makofi, leso zikashushwa, jua likaingia. Mumbua alikuwa keshamshika Afiya mkono, anaomba aizungushe filamu pwani nzima.

"Muombe mwenyewe," Afiya akasema. "Nimemtunuku. Kuanzia leo ni yake."

"Isipokuwa zile dakika kumi na moja," Idah akasema huku akikunja nyaya. "Hizo alinikatalia. Alikuwa ananiambia nigeuze uso niangalie ukuta."

"Dakika gani?" Mansur akauliza.

Afiya aliona haya, jambo ambalo Sahla hakuwahi kuliona. Siku ile ya nikahi, wakati wanaume wote walipokimbilia ujiani, Kambi alisahau kuzima kamera. Ikaendelea kumtazama mtu mmoja aliyebaki kwenye mkeka akingoja jibu la pazia. Alisema nini, alifanya nini, aliomba nini, ajua Afiya peke yake, na aliyajua usiku ule ule alipoziangalia kadi zake mara ya kwanza.

"Hizo si zako," akamwambia mumewe. "Hizo bado ni mahari."

Mansur hakuomba. Alibaki amesimama katikati ya mabenchi, kofia imeenda upande, watoto wake wakimvuta kanzu, watu hamsini wakimpiga mgongoni kila mmoja akieleza jinsi alivyocheza vizuri. Sahla akasogea karibu. Swali lake la darasa la pili alikuwa nalo mdomoni, lakini mjomba wake alimwahi.

"Uliniuliza," Mansur akasema, bado anafuta macho. "Ni mbaya, mwanangu. Mbaya, wallahi, mbaya kupita kiasi! Kambi! Zibeni madirisha, irudishe mwanzo."